Batiki, ya Mkono, ya Asili, Haichuji: Kuufumbua Mkoba Mmoja wa Buluu

Siku mkoba wangu mpya ulipoichafua blauzi, nilikuwa nimesimama kwenye daladala ya kutoka Igoma kwenda mjini Mwanza, nimebanwa kama dagaa kwenye gunia, na mvua ilikuwa imeshanipata kituoni. Niliposhuka, rafiki yangu alinitazama ubavuni akacheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia chini ya kwapa hadi kiunoni, blauzi nyeupe ilikuwa na doa la buluu lenye umbo la mkoba. Hata mstari wa zipu ulionekana.

Aliyeniuzia alikuwa ameniapia mambo manne: ni batiki, ni ya mkono, ni ya asili, haichuji. Tangu siku ile nimekaa na mafundi wa rangi na washonaji, nikitaka kujua mangapi kati ya manne yale yalikuwa kweli. Yalikuwa mawili. Lakini kila moja lina mambo yake ndani, na wengi wetu tunaonunua pochi, vilemba, mikanda na vifuko vya simu vya "Kiafrika" tunayachanganya yote kwenye chungu kimoja.

Batiki

Wengi hudhani batiki ni aina ya kitambaa, au aina ya rangi. Siyo. Batiki ni namna ya kuizuia rangi isiingie. Unachagua mahali unapotaka pabaki peupe, unapaziba, kisha unatumbukiza kitambaa kizima. Ua, samaki au mwezi unaouona kwenye mkoba ni pale ambapo rangi ilikataliwa kuingia.

Fundi niliyekaa naye zaidi yuko Igoma. Ni mama wa makamo ambaye wateja wake, hata wasio Wasukuma, wanamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Anayeyusha mishumaa ya dukani pamoja na kipande cha nta ya nyuki ndani ya kopo la maziwa, na kopo lenyewe limekaa kwenye sufuria ya maji ili nta isishike moto. Kisha anachovya sponji aliyoikata umbo la samaki, anaikung'uta mara moja, anaigandamiza kwenye kitambaa na kuhesabu kimoyomoyo. Nta ikiwa na joto sawasawa inapenya hadi upande wa pili, na kitambaa hapo kinaonekana kama gazeti lililofungiwa maandazi. Ikiwa imepoa, inakaa juu juu na rangi itapita chini yake. Mayu hana kipimajoto. Akiona nta imeganda nyeupe juu ya kitambaa, anarudisha kopo jikoni bila kusema neno.

Mchanganyiko wa nta una sababu. Mshumaa wa dukani ukiganda unakuwa mkavu, na ukikunja kitambaa unapasuka. Rangi huingia kwenye nyufa hizo na kuacha mishipa myembamba kama ya jani. Nta ya nyuki inanyumbuka, haipasuki ovyo. Anayetaka mishipa mingi huzidisha mshumaa, na anayetaka mstari safi huzidisha nta ya nyuki.

Mimi mwenyewe nilijaribu. Nikapiga samaki wangu watatu vizuri kabisa, halafu nikatandaza kitambaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, kama tunavyoanika kila kitu Mwanza, kuanzia dagaa hadi mashuka. Ilikuwa saa sita mchana. Niliporudi, nta ilikuwa imeyeyuka ikasambaa, na samaki watatu wamekuwa wingu moja.

"Mwanangu," Mayu aliniambia, "jiwe la Mwanza saa sita ni jiko."

Neno batiki limetoka Java, kisiwa cha Indonesia, na mwaka 2009 UNESCO iliiingiza batiki ya Indonesia kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Sisi tumelipanua neno: hata kitambaa kilichofungwa kwa uzi au raba kabla ya kutiwa rangi, kikatoa miviringo na miale, tunakiita batiki. Sina ugomvi na hilo. Kanuni ni ileile ya kuzuia, ila hapo kinachozuia ni fundo badala ya nta.

Basi jambo la kwanza lilikuwa kweli. Mkoba wangu ulikuwa batiki.

Ya mkono

Hapa ndipo wanunuzi wanapopigwa sana, na ushauri unaozunguka mitaani haujakamilika. Utaambiwa: geuza kitambaa, kama nyuma ni hafifu basi ni cha mashine. Nusu yake ni kweli. Vitenge vingi vya bei nafuu vimechapwa upande mmoja tu, na hata yale "mapasuko ya nta" juu yake yamechorwa. Tafuta ufa mmoja wenye umbo la pekee, kisha tembeza jicho: utaukuta uleule tena mbele kidogo, na tena. Ufa wa kweli haujirudii.

Lakini kuna kitenge cha daraja la juu ambacho nyuma na mbele vinalingana, kina nyufa za kweli, na bado ni cha mashine. Hicho ndicho kitenge cha waksi. Waholanzi katika karne ya 19 walitaka kuiga batiki ya Java kwa mitambo ili waiuze hukohuko Java. Walitumia utomvu badala ya nta, wakaupiga pande zote mbili, wakakitia kitambaa rangi ya nili, ile buluu nzito. Soko la Java halikuwapokea kama walivyotarajia. Afrika Magharibi ndiyo iliyokipenda kitambaa hicho, pamoja na nyufa zake. Kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846, mpaka leo inatengeneza kitenge cha aina hiyo na kuandika jina lake kwenye ukingo wa kitambaa.

Kwa hiyo kugeuza hakutoshi. Tazama pia ukingo: je, kuna maandishi ya kiwanda? Tazama pale ambapo umbo moja linakutana na jingine. Kibao au sponji ya mkono inajirudia, ndiyo, lakini haiwezi kujirudia sawasawa. Samaki mmoja amelala kidogo, mwingine mkia umefifia kwa sababu nta ilikuwa inapoa, na mahali fulani kuna tone lililodondoka njiani. Mayu ana tone lake karibu kila kitambaa. Nilidhani ni uzembe mpaka nilipoanza kulitafuta.

Mkoba wangu ulikuwa na tone. Jambo la pili, kweli.

Ya asili

Asili ya nani? Hili ndilo swali ambalo muuzaji hapendi uulize, na mimi sikuliuliza.

Kama asili ni ufundi wa kale wa Waafrika kutia nguo rangi kwa mkono, upo, na una kina kirefu. Katika mapango ya Bandiagara nchini Mali, walikozikwa watu wanaoitwa Watellem, vimepatikana vitambaa vya pamba vyenye rangi ya nili, vingine vya karne ya 11. Kano, kaskazini mwa Nigeria, kuna mashimo ya nili ya Kofar Mata ambayo inasimuliwa yalianza mwaka 1498, na watu bado wanachovya nguo humo. Wayoruba, hasa wa mji wa Abeokuta, wana adire, nguo zao za nili. Nyingine hufungwa kwa nyuzi, nyingine huchorwa kwa uji wa muhogo unaozuia rangi kama nta inavyofanya. Wabamana wa Mali wana bogolani: kitambaa hulowekwa kwenye maji ya majani yenye ukakasi, kisha huchorwa kwa tope la mtoni lililokaa muda mrefu. Madini ya chuma kwenye tope yanakutana na ukakasi wa majani, na hapo panatokea weusi usiofutika. Tope linaoshwa, weusi unabaki.

Hizo ni asili za watu wenye majina na miji. Kuzifunga zote kwenye neno "Kiafrika" na kulibandika kwenye kifuko cha simu kilichoshonwa Mwanza ni kuwanyang'anya wenyewe.

Kandokando ya ziwa letu habari ni nyingine. Upande wa Bukoba na Buganda nguo ya kale haikufumwa kabisa. Ilitoka kwenye gome la mti wa jamii ya mkuyu. Gome linabanduliwa, linalainishwa, linapondwa kwa nyundo za mbao zenye mistari mpaka linatanuka kama kitambaa, kisha linaanikwa juani hadi liwe na rangi ya udongo wa kuchoma. Mti wenyewe unafungwa majani ya mgomba kama kidonda, unaota gome jingine. UNESCO iliutangaza ufundi huo wa Uganda mwaka 2005. Siku hizi gome hilo linashonwa kofia, pochi na majalada ya daftari. Ukitaka kitu cha ziwa hili kwa maana kamili, hicho ndicho. Ila usikifue: kikilowa kinakuwa dhaifu.

Huku Usukumani, misafara ya biashara ilileta merikani, kitambaa kigumu kisichopaushwa kilichopewa jina la nchi kilikotoka, Marekani, na kaniki, kitambaa cha pamba cheusi-buluu kilichotiwa nili, kutoka India. Kaniki imekaa miongoni mwetu muda mrefu hata tumesahau kwamba ilikuja kwa jahazi. Mwambie mtu kaniki si ya asili uone atakavyokuangalia.

Nami siwezi kuacha kusema hili, ingawa linanitoa kidogo njiani. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inalimwa kanda hii yetu: Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita, Mara. Mbegu zake zimefanyiwa utafiti Ukiriguru, hapa karibu. Zile herufi UK kwenye majina ya mbegu ni za Ukiriguru. Mwanza ilijengewa kiwanda cha nguo cha Mwatex, Musoma ikajengewa Mutex. Hata hivyo pamba yetu nyingi inaondoka nchini ikiwa nyuzi ghafi zilizofungwa marobota, na kitambaa cheupe anachonunua Mayu kimefumwa ng'ambo. Rangi yake ni ya kiwandani, ya ng'ambo pia. Kilicho cha hapa ni mkono wake, sponji yake, tone lake na maji ya ziwa. Kwangu hiyo inatosha kulipia. Sihitaji nidanganywe habari za mababu.

Jambo la tatu, basi, halikuwa kweli kwa namna alivyolisema.

Haichuji

Sasa tufike kwenye blauzi.

Nili ni mkaidi: haiyeyuki majini. Ukiitia kwenye ndoo inaelea kama vumbi. Ili iingie kwenye uzi, lazima kwanza igeuzwe kikemia iwe katika hali inayoyeyuka, na hali hiyo haitaki oksijeni. Kano wanatumia majivu na uchachu wa siku nyingi ndani ya shimo. Mayu anatumia unga wa dukani: haidrosi ya kunyang'anya oksijeni, na kostiki soda ya kuisaidia rangi iyeyuke. Rangi nyingi za unga wanazotumia mafundi wa batiki ni za ukoo huo wa nili, hata kama ni nyekundu au kijani.

Kinachofuata ukikiona mara moja hukisahau. Kitambaa cha nili kinatolewa kwenye ndoo kikiwa na rangi ya manjano-kijani, rangi ya ndizi inayotaka kuiva. Mayu anakishika pembe mbili na kukipunga. Kijani kinaanza kukimbia kutoka ukingoni, buluu inaingia kutoka pale hewa ilipofika kwanza, na mikunjo ndiyo ya mwisho. Rangi imekutana na oksijeni, imerudi kuwa ile isiyoyeyuka, lakini safari hii imenaswa ndani ya uzi.

Kama haiyeyuki, kwa nini blauzi yangu ilichafuka? Kwa sababu si yote iliyonaswa ndani. Chembe nyingine zinabaki juu ya uzi kama masizi juu ya sufuria. Fundi mwenye subira anachovya mara kadhaa kwenye rangi nyepesi, anaacha hewa ifanye kazi kila mara, kisha anasuuza na kuchemsha kwa sabuni mpaka maji yatoke safi. Mwenye haraka anachovya mara moja kwenye rangi nzito, anasuuza kidogo, anauza. Vyote viwili vinapendeza dukani.

Kwa hiyo tunapaswa kutenganisha mambo mawili tunayoyaita kwa pamoja kuchuja. Kuna rangi kuondoka na maji, na kuna rangi kuambukiza kwa kusuguliwa. Kitambaa cha nili kinaweza kufuliwa miaka na maji yakawa safi, lakini kikisuguana na kitu cheupe kikaacha alama. Kwa shati si tatizo kubwa. Kwa mkoba wa bega ndiyo tatizo lenyewe, maana mkoba kazi yake ni kusuguana nawe kutwa, jasho likisaidia.

Zipo rangi za aina nyingine. Mwaka 1956 kampuni ya ICI ya Uingereza ilitoa rangi za Procion, za kwanza sokoni kufunga ndoa ya kikemia na uzi wa pamba kwa msaada wa magadi. Hizo zikisuuzwa vizuri hazisumbui. Na zipo zile za pakiti ndogo za kuchemsha kwa chumvi, ambazo nyingi zimeushika uzi kwa mkono mlegevu. Hizo zitachuja tu.

Hapo ndipo ushauri wa jirani unapokuja: loweka kwenye chumvi, weka siki. Nimeufuata mara nyingi kabla ya kujua. Chumvi inasaidia rangi fulani ziingie kwenye pamba wakati wa kutia rangi. Baada ya hapo haifungi kitu. Siki ni ya rangi za sufu na hariri, kwa pamba haina kazi. Kitambaa kinachochuja kinataka kusuuzwa, na tena kusuuzwa.

Kipimo unaweza kukifanya mwenyewe mbele ya muuzaji. Chukua leso nyeupe kavu, sugua mara kumi mahali penye rangi nzito. Kisha lowesha pembe nyingine, sugua tena. Viwandani wana mashine ya kusugua hivyohivyo na wanatoa alama kuanzia 1 hadi 5, 5 ikiwa bora. Leso kavu ikitoka na rangi, usinunue mkoba wa bega kwa kitambaa hicho hata ukipewa punguzo. Ikitoka na rangi ile iliyoloweshwa tu, na kwa kufifia, inavumilika.

Mshonaji naye ana lake. Kitambaa cha Mayu kinachemshwa ili nta itoke, na huko kinasinyaa, hivyo hakitasinyaa tena sana. Lakini nta iliyobaki ni adui wa mkoba. Ukiuacha kwenye gari lililoegeshwa juani, nta inayeyuka na kupenya kwenye bitana. Fundi mzuri anapiga pasi juu ya gazeti la zamani kabla ya kukata. Gazeti likilowa mafuta, kitambaa kinarudi kwenye sufuria. Kisha anaangalia upande utakaogusa mwili. Niliona mkoba mmoja ambao mgongo wake wote ulikuwa turubai ya kahawia, batiki imewekwa mbele tu. Nilidhani kabana matumizi. Alikuwa amefikiri.

Vitu vidogo havina masharti mengi. Hereni zilizofunikwa kitambaa, bangili, kifuko cha miwani, hivyo tumia chochote. Kilemba kinakutana na jasho na mafuta ya nywele, kitafutie kitambaa kilichofuliwa kweli. Mkoba wenye stifu ndani, ile ya kuukaza umbo, usiuloweke. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni ya kipande, uanike kivulini.

Na wanaotaka kuanza kazi hii wasikie hili mapema. Kostiki inachoma ngozi na macho, glavu si mapambo. Usiikorogee kwenye sufuria ya alumini, itaila huku ikitoa gesi inayoshika moto. Tumia ndoo ya plastiki. Haidrosi ikipata unyevu inaweza kujipasha yenyewe mpaka iwake, kopo lake lifungwe. Nunua pamba tupu: choma uzi mmoja, ukiacha jivu laini kama la karatasi ni pamba, ukijikunja kuwa shanga ngumu ni poliesta, na rangi hizi hazitaingia.

Kuhusu maji machafu, Mayu hayamwagi siku hiyohiyo. Mtaro unaelekea ziwani, na ziwa ndilo tunalokunywa. Anayaacha kwenye pipa lililo wazi mpaka kesho yake. Rangi iliyobaki inakutana na hewa, inarudi kuwa ile isiyoyeyuka, inazama yenyewe. Nilichungulia asubuhi: maji juu, tope la buluu chini. Maji yale bado yana kostiki, kwa hiyo anayapoza makali kwa siki kidogo kidogo kabla ya kuyamwaga. Hapo siki ina kazi.

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Makoroboi, nikasimama kwenye meza ya mikoba. Nikatoa leso.

"Dada, unafuta nini? Hakina vumbi," kijana akasema.

Nikasugua mara kumi, nikamwonyesha. Akaitazama leso, akatazama shati lake jeupe, akahesabu mikoba aliyotundika begani mwake tangu asubuhi. Nilinunua kwake kifuko kimoja kidogo cha kuwekea chaja. Wakati naondoka alikuwa anaivua mikoba na kuitundika kwenye msumari.